Jicho la Károly Pulszky na stakabadhi alizokosa

Hotuba kwa wafanyakazi wa makumbusho na nyaraka. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wakuu wa makumbusho, wahifadhi, watunza nyaraka, na ninyi wahasibu ambao mara nyingi hamwalikwi kwenye mikutano ya sanaa: karibuni, na asanteni kwa kufika. Wahasibu nawataja kwa makusudi. Habari ya leo imejaa michoro mizuri, lakini kiini chake kinawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ukumbini.

Nianze na swali. Mkurugenzi wa makumbusho ya sanaa analipwa mshahara afanye nini hasa? Wengi watajibu: aijue sanaa. Atambue kazi nzuri, aitofautishe na nakala, ainunue kabla wengine hawajaiona. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Leo nataka tumtazame mtu aliyekuwa na nusu hiyo kwa kiwango ambacho wachache hukifikia, akaikosa nusu ya pili, na akalipa kwa maisha yake. Jina lake ni Károly Pulszky. Aliongoza Jumba la Picha la Taifa la Hungaria mjini Budapest katika miaka ya 1880 na 1890.

Alizaliwa London mwaka 1853, uhamishoni. Baba yake, Ferenc Pulszky, alikuwa upande wa Lajos Kossuth, kiongozi wa mapinduzi ya Hungaria ya 1848 na 1849. Mapinduzi yaliposhindwa, huko nyumbani Ferenc alihukumiwa kifo bila yeye kuwapo. Ferenc alikuwa amerithi kwa mjomba wake, Gábor Fejérváry, mkusanyiko wa ajabu: pembe za ndovu zilizochongwa zama za kale na zama za kati, vyombo vya kale, hata kitabu cha picha cha Mexico kilichoandikwa kabla ya Wahispania kufika. Uhamisho hauna mshahara. Mwaka 1855 sehemu kubwa ya mkusanyiko huo iliuzwa kwa Joseph Mayer, sonara wa Liverpool, na hadi leo pembe zile ziko Liverpool. Károly alikuwa bado mtoto mdogo sana, lakini alikulia katika nyumba iliyojua jinsi hazina ya vizazi inavyoweza kutoka mikononi kwa sahihi moja.

Familia ilirudi Hungaria mwaka 1866. Miaka mitatu baadaye Ferenc akawa mkuu wa Makumbusho ya Taifa, cheo alichokaa nacho hadi 1894. Yeye ndiye aliyekuwa na mkono katika ununuzi mkubwa kuliko wote wa sanaa katika nchi ile: mkusanyiko wa wakuu wa ukoo wa Esterházy, ulionunuliwa na serikali mwaka 1871. Sikilizeni hesabu yake. Michoro ya rangi 637. Michoro ya mkono kwenye karatasi 3,535. Picha za chapa 51,301. Bei, forinti milioni 1.3.

Kwa nini tunaweza kutaja hesabu hizo leo hadi tarakimu ya mwisho? Kwa sababu ukoo ule ulihesabu. Tangu 1812 ulikuwa na katalogi ya michoro iliyochapishwa. Serikali haikununua picha peke yake. Ilinunua picha pamoja na orodha zake. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

Mkusanyiko huo ulikaa katika vyumba vya jengo la Chuo cha Sayansi, kando ya mto Danube. Ulikuwa na nguvu kubwa katika karne ya 17: Wahispania, Waholanzi, Waitalia. Ulikuwa na pengo katika Italia ya karne ya 14 na 15, na sanamu zilikuwa chache. Károly, ambaye alikwishafanya kazi katika makumbusho ya sanaa za ufundi na alisomea historia ya sanaa, aliliona pengo hilo mara moja. Nchi ilikuwa inajiandaa kwa sherehe za 1896, miaka elfu moja tangu Wamagyar, yaani Wahungaria, waingie katika bonde lao, na serikali ilitaka jumba jipya la sanaa linalolingana na heshima hiyo. Kati ya 1893 na 1895 alitumwa Italia na kwingineko Ulaya kununua.

Na alinunua! Mbao za altare, picha za watu, sanamu za marumaru na za udongo uliochomwa, hata michoro iliyobanduliwa ukutani. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu ununuzi wa mchoro wa ukutani unaonyesha kazi hii kwa undani wake.

Mchoro wa aina hiyo hupakwa juu ya lipu mbichi ya chokaa. Chokaa inapokauka inainasa rangi, na rangi inakuwa mwili mmoja na ukuta. Sasa, utaununuaje ukuta? Mafundi wa Italia wa karne ya 19 walikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukata rangi pamoja na lipu iliyo chini yake. Linatoka pande zito, nalo hupasuka likishikwa vibaya. Ya pili ni kuvua ngozi ya rangi peke yake. Fundi anapaka gundi kali ya wanyama usoni pa mchoro, anabandika vitambaa safu juu ya safu, kisha anasubiri. Gundi ikikauka hujikaza na kuvuta, na rangi inang'oka nayo. Mgongo wa rangi unasafishwa, unagandishwa kwenye kitambaa kipya kwa kasini (gundi itokanayo na maziwa) iliyochanganywa na chokaa, na mwisho vitambaa vya mbele vinaondolewa kwa maji ya moto.

Wapi mambo huharibika? Ukuta ukiwa na unyevu, gundi haishiki na ukungu unaota chini ya kitambaa. Rangi zilizoongezwa baada ya lipu kukauka, na buluu ndiyo mara nyingi, zinaondoka na maji ya moto. Chumvi za ukutani zisiposafishwa zinarudi juu baada ya miaka na kusukuma rangi ianguke vipande vipande. Lakini hasara kubwa kuliko zote haionekani kwa macho. Mchoro ukishatoka ukutani bila maandishi, umepoteza anwani. Ulikuwa jengo gani? Ukuta wa mashariki au wa kaskazini? Urefu gani kutoka sakafuni? Jirani yake alikuwa mtakatifu yupi? Kipande kizuri kisicho na majibu haya ni kipande tu. Anayenunua ndiye mwenye nafasi ya mwisho ya kuuliza, kwa sababu ukuta ukishapakwa chokaa upya hakuna wa kumjibu.

Ndugu zangu, tuje kwenye mchoro uliomponza.

Daktari Antonio Scarpa, bingwa wa anatomia aliyefariki mwaka 1832, aliacha mkusanyiko wa michoro unaojulikana kwa jina la mji wa Motta di Livenza, mkoa wa Veneto. Mmoja uliwashinda wote kwa sifa: picha ya mwanamume kijana, rangi ya mafuta juu ya mbao, iliyoaminiwa kwa miaka mingi kuwa kazi ya Raffaello, mchoraji mashuhuri wa Italia. Mwaka 1895 mkusanyiko uliuzwa Milano kwa mnada. Pulszky aliupata mchoro huo, tena kwa fedha nyingi. Leo wataalamu wanakubaliana kuwa ni kazi ya Sebastiano del Piombo, na ni miongoni mwa picha bora za watu alizowahi kuchora. Anayekwenda Budapest asiache kusimama mbele yake.

Je, alikosea kununua? Hapana, hakukosea. Jina lililobandikwa kwenye kazi linaweza kubadilika. Ubora wake haubadiliki. Mnunuzi mwenye jicho ananunua ubora, kisha anaruhusu utafiti ulete jina. Ndiyo maana mhifadhi mzuri huanza nyuma ya mchoro, si mbele: mbao ni za mti gani, zimeunganishwa wapi, matundu ya wadudu yamekatwa au ni mazima, kuna mihuri ya nta, lebo za forodha, namba za minada ya zamani. Halafu taa ya pembeni, inayoonyesha rangi ilipoinuka na palipozibwa. Leo tunaongeza mwanga wa urujuanimno unaofichua viraka vipya kama madoa meusi, pamoja na picha za eksirei. Pulszky hakuwa na eksirei. Zilitangazwa mwisho wa 1895, mwezi mmoja hivi baada ya mnada. Alikuwa na macho, kumbukumbu na miaka ya kuzoea. Yalimtosha.

Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine.

Mwanzoni mwa 1896 serikali ilidai hesabu ya fedha za ununuzi. Waziri wa dini na elimu alikuwa Gyula Wlassics. Pulszky hakuweza kuzieleza fedha zote kwa stakabadhi. Magazeti yalidaka habari. Familia ya Pulszky ilikuwa ya siasa. Károly mwenyewe alikuwa mbunge, na wapinzani hawakuiachia nafasi hiyo. Mtu aliyelijaza jumba la taifa akakamatwa na kushtakiwa kwa ubadhirifu. Akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kuchunguzwa. Uchunguzi haukuishia kwenye hukumu ya hatia. Lakini ninyi mnajua, na mimi najua, kwamba kuna wakati kutohukumiwa hakumrudishii mtu jina lake.

Tufikirie mnunuzi aliye safarini, kwa sababu hatari yake ni ileile popote pale. Anabeba masurufu ya serikali. Dalali wa mjini anataka fedha taslimu leo, na kesho kuna mnunuzi wa Berlin anayekuja. Padri anauza sanamu ya kanisa dogo na hataki jina lake liandikwe popote. Kuna bei ya kazi, kuna ujira wa dalali, kuna fundi wa kubandua, seremala wa makreti, kibali cha kutoa kazi nchini (na Italia nzima haikuwa na sheria moja ya jambo hilo hadi 1902), kuna reli, kuna forodha. Kila kimoja kinatoka mfukoni mmoja. Usiku amechoka, anasema nitaandika kesho. Kesho yuko mji mwingine. Baada ya miezi kumi ana makreti mengi yaliyojaa kazi za thamani na bahasha iliyojaa vikaratasi visivyo na tarehe. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee wetu wa biashara. Na hapa mali haikuisha, aliyeisha ni mtu.

Kwa hiyo masurufu ya ununuzi yaendeshwe vipi? Nitayasema kwa ufupi, na wahasibu mnisahihishe wakati wa maswali. Mnunuzi na mlipaji wasiwe mtu mmoja. Mwenye jicho achague, aandike sababu zake ukurasa mmoja, na mwingine alipe kupitia benki kwa jina la muuzaji. Malipo makubwa yagawanywe: sehemu siku ya mkataba, sehemu kibali cha kutoa kazi kikipatikana, iliyobaki kazi ikifika na kukaguliwa. Ujira wa dalali uwe na hati yake peke yake, usifichwe ndani ya bei ya mchoro, kwa maana hapo ndipo kila hoja ya ukaguzi huanzia. Muuzaji asiyetaka jina lake liandikwe hauzi kitu ambacho makumbusho ya umma yanaweza kununua. Najua inauma. Najua kazi nyingine zitatuponyoka kwa sababu hiyo. Ziponyoke.

Kreti likifika, lisifunguliwe siku hiyo. Lipumzike ndani ya jengo saa 24 likiwa limefungwa, ili mbao zizoee hewa polepole. Mbao ya altare hupanuka na kusinyaa kukingama nyuzi zake. Ikitoka kwenye baridi ya behewa na kuingia chumba chenye joto kwa ghafla, rangi inapasuka kwenye viungio. Unyevu hewani ukae kati ya asilimia 45 na 55 bila kuruka-ruka, maana kuruka-ruka huua kuliko kiwango chenyewe. Kisha kreti linafunguliwa mbele ya watu wawili, picha zinapigwa mbele na nyuma, ripoti ya hali inaandikwa, na namba ya rejista inatolewa siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo! Kazi isiyo na namba haijawa mali ya makumbusho. Ni mzigo uliolala ghalani.

Tumalize habari ya Károly. Aliondoka Hungaria. Mkewe, Emília Márkus, alikuwa mwigizaji mkubwa wa Budapest na alibaki na kazi yake na mabinti zao wawili. (Mdogo, Romola, ndiye aliyeolewa mwaka 1913 na mcheza dansi Vaslav Nijinsky.) Károly alifika hadi Australia, mahali ambapo ujuzi wake wa Italia ya karne ya 15 haukuwa na wa kuuhitaji. Juni 1899, karibu na Brisbane, alijiua kwa bastola. Alikuwa na miaka 45.

Mwaka uleule wa 1896 aliokamatwa, bunge lilipitisha sheria ya kujenga Makumbusho ya Sanaa Nzuri. Wasanifu Albert Schickedanz na Fülöp Herzog walijenga kuanzia 1900, na mfalme Franz Joseph alilifungua jumba tarehe 1 Desemba 1906. Kazi zilizonunuliwa na Pulszky ziliingia humo. Zimo hadi leo.

Nataka sasa mmsikie mkurugenzi mwingine wa jumba hilohilo, maana yeye alikuwa na kile Károly alichokosa. Klára Garas alizaliwa 1919 na aliliongoza jumba kuanzia 1964 hadi 1984. Alikuwa mtafiti wa sanaa ya karne ya 17 na 18, na kitabu chake juu ya mchoraji Maulbertsch bado kinatumika. Lakini sifa yake ninayoipenda kuliko zote ni hii: aliweza kusoma orodha. Mwaka 1967 alichapisha orodha ya michoro ya ukoo wa Ludovisi wa Roma iliyoandikwa mwaka 1633. Orodha ya karani! Mistari inayosema picha fulani, ukubwa fulani, fremu fulani, ya mkono wa fulani. Kwa mistari ya namna hiyo wataalamu wa nchi nyingi wameweza kurudisha nyuma safari ya kazi zilizotawanyika Ulaya nzima. Karani yule wa 1633 alifanya kazi yake akiwa na wino na subira, na karne tatu zikamtegemea.

Na Garas naye alipata mtihani wake. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1983 wezi waliingia katika jumba hilo wakaondoka na michoro saba: miwili ya Raffaello, miwili ya Tintoretto, miwili ya Tiepolo na mmoja uliohesabiwa kuwa wa Giorgione. Kati yao alikuwamo Bikira wa Esterházy, ubao mdogo wa kama sentimita 29 kwa 21, ambao Raffaello aliuacha bila kuumaliza. Waliingiaje? Jengo lilikuwa katika ukarabati na kiunzi cha mafundi kilisimama ukutani, na mfumo wa king'ora haukuwa ukifanya kazi. Ukarabati ni wakati wa hatari kuliko wote katika maisha ya makumbusho: kuta zina ngazi, nyaya zimekatwa, sura ngeni zinaingia kila asubuhi na hakuna anayeuliza. Kiunzi kikisimama, walinzi waongezwe siku hiyohiyo, madirisha ya ghorofa inayofikiwa yazibwe, na kazi ndogo zenye thamani kubwa zihamishwe kwanza. Ndogo kwanza, kwa sababu mwizi naye anapima kwa mkoba wake.

Polisi wa Hungaria, Italia na Ugiriki walifuatilia. Januari 1984 sehemu kubwa ya michoro ilipatikana Ugiriki, ndani ya sanduku la safari, katika bustani ya monasteri karibu na mji wa Aigio. Yote saba ilirudi. Nani angethubutu kununua hadharani kazi ambazo picha, vipimo na namba zake viko katika katalogi za dunia nzima? Rejista haizuii kuvunjwa kwa dirisha, lakini inamnyima mwizi soko.

Mwaka 2004 uongozi wa jumba ulichukuliwa na László Baán, na yeye ni mchumi aliyetoka serikalini. Chini yake ukumbi wa Kiromaneski (mtindo wa majengo ya Ulaya ya zama za kati), ulioharibika katika Vita Kuu ya Pili na kukaa kama ghala kwa miaka sabini hivi, ulifanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena 2018. Kutoka kwa mwanasanaa asiye na stakabadhi hadi kwa mchumi: wapo wanaoona hapo ushindi wa karatasi juu ya jicho. Sikubaliani nao. Mchumi akikosa wenye jicho karibu yake atakuwa na vitabu safi na kuta tupu. Kinachotakiwa ni watu wawili wanaoheshimiana katika jengo moja, kila mmoja akiwa na haki ya kumwambia mwenzake hapana.

Jambo la mwisho ni makabidhiano, maana wengi wenu humu mnapokea au mnaacha ofisi. Mkurugenzi mpya asisaini hati yoyote kabla ya ukaguzi wa njia mbili. Chagueni namba 50 kutoka kwenye rejista bila kupanga, mkazitafute ghalani na ukutani. Kisha chagueni vitu 50 ghalani, mkazitafute namba zake kwenye rejista. Njia ya kwanza inafichua kilichopotea. Ya pili inafichua kilichoingia bila kuandikwa, na hiyo ndiyo inayosahauliwa. Panapokosekana hata kimoja, rudieni kwa vitu 200. Orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa iambatanishwe, yakiwa na majina na tarehe. Nakala moja ibaki ofisini, moja iende wizarani, moja akae nayo anayeondoka, kwa ajili ya siku atakayoulizwa.

Asanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na naomba tuanze na meza ya wahasibu.